Taa imewaka kwenye dashibodi, anzia hapa kabla hujanunua spea

Simu ninazopigiwa sana ni za mtu yuko barabarani, gari inaunguruma nyuma ya sauti yake, anasema fundi kuna taa imewaka hapa, ninunue nini? Jibu langu ni lile lile, usinunue kitu. Taa inakuonyesha nyumba yenye shida, haikuonyeshi chumba. Taa ya betri haina maana betri imekufa, taa ya oili haina maana oili imeisha, na cheki injini ndiyo usiseme, inaweza ikawa koili, inaweza ikawa waya umetafunwa na panya wa pale pale unapopaki usiku.

Rangi ndiyo ya kwanza kuangalia. Nyekundu tafuta pa kupaki, njano endelea mdogo mdogo ila leo au kesho icheki, kijani na bluu ni taarifa tu. Nyekundu ndogo ya usalama inayokonyeza ukiwa umepaki na funguo uko mfukoni hiyo ni ya wizi, iache ifanye kazi yake, kuna jamaa alichomoa tamino ya betri kila usiku wiki nzima akidhani inamaliza chaji.

Kesho asubuhi fanya hivi. Funguo weka ON bila kuwasha injini halafu tulia uangalie. Taa za onyo lazima ziwake zote, oili, betri, cheki injini, ABS, eabegi, kisha nyingine zinazima zenyewe baada ya sekunde chache, na oili, betri na cheki injini zinabaki mpaka uwashe. Taa ambayo HAIWAKI kabisa pale ndiyo inayonitisha mimi kuliko inayowaka, maana yake balbu imekufa au kuna mtu kaitoa. Wanaonunua gari kwa mtu sikilizeni hapa, kuna wauzaji wanatoa balbu ya cheki injini au wanabandika gundi nyeusi nyuma ya dashibodi, gari inaonekana safi, wewe unalipa, wiki ya pili inaanza kumisi (silinda moja haichomi, injini inatetemeka) na hakuna taa ya kukwambia chochote. Nimeshakuta pia waya wa swichi ya oili umechomolewa makusudi na kufungwa tepu.

Taa ya oili, ile birika lenye tone mdomoni

Hii watu wanaisoma kama oili imepungua, hapana, inasoma presha. Kuna swichi ndogo imefungwa kwenye bloku, presha ikikosekana inawasha taa. Sasa ukisubiri kiwango kishuke mpaka pampu inavuta hewa ndio taa iwake, ujue oili imeshaondoka nyingi na wewe umeshachelewa, hasa hizi injini ndogo za kina IST na Vitz zinazobeba chini ya lita 4 zote. Ndiyo maana hii nakwambia zima injini hapo hapo. Usiseme mpaka sheli, usiseme nyumbani ni hapo tu mbele, dakika mbili tatu zinatosha injini kunoki, yaani kufa kabisa.

Paki sehemu tambarare, subiri kama dakika kumi oili ishuke chini, chomoa dipstiki, futa, rudisha, chomoa tena. Ikiwa chini ya alama ya chini ongeza mpaka ifike kati ya alama mbili za dipstiki, ndipo uwashe uone kama taa imezima, halafu tafuta ilikokwenda, nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta haikukazwa, sili, au inaungua ndani (angalia moshi wa bluu asubuhi). Ikiwa kiwango kipo sawa na taa bado inawaka usiwashe tena, vutwa. Ile ya kuwaka gari ikishapata moto na ipo sailensa (injini inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta taa inazima, hiyo mara nyingi ni oili imechoka au nyepesi mno, strena (chujio la oili ndani ya sampu) imeziba tope, au beringi zimeshalika. Mwambie fundi afungue ile swichi afunge geji ya presha apime kweli, asianze kwa kukuuzia pampu.

Joto, na habari ya thamostati iliyotupwa

Gari nyingi ndogo za Japani kama Vitz na Passo hazina mshale wa joto, zina taa mbili tu, ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemsha. Ya bluu watu wanaidharau ila mimi napenda kuuliza, asubuhi inazima baada ya muda gani? Kwa Dar hii dakika chache tu inatakiwa iwe imezima. Mtu akiniambia inakaa mpaka anafika Ubungo, au kwenye rami ikiwa na upepo inarudi tena, hata boneti sifungui, namuuliza nani alikutolea thamostati.

Maana huo ndio mchezo wetu. Gari ikichemsha mara moja fundi anafungua anatoa thamostati anatupa, anakwambia boss huku kwetu joto, hizi ni za Ulaya. Si kweli. Thamostati inafunga maji mpaka injini ifike joto lake la kazi halafu inafungua, ukiitoa injini inatembea baridi, kontroboksi (kompyuta ya injini) inadhani ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unaanza kulalamika gari inakula, plagi zinakuwa nyeusi. Na kilichofanya ichemshe siku ile bado kipo, feni haiwaki, rejeta imeziba kutu kwa kujaziwa maji ya bomba miaka yote, au mfuniko wa rejeta haushiki presha.

Nyekundu ikiwaka sasa. Zima AC, washa hita mpaka mwisho moto wote na feni ya ndani namba kubwa, utaoga jasho ila inapunguza moto wa injini wakati unatafuta pa kusimama. Ukishasimama zima, fungua boneti, mfuniko wa rejeta USIUGUSE mpaka ukishika hosi ya juu kwa mkono unaweza kuiminya bila kuungua. Kuna mtu alinionyesha kovu lake toka kidevuni mpaka kifuani, alipata kwenye mlima Kitonga kwa haraka ya dakika kumi.

Ukiacha ipoe unachokiona kinakwambia mengi. Inachemsha kwenye foleni ila ukitembea inashuka, ni feni, motari yake, rilei au fyuzi. Inachemsha ukipanda mlima au ukikimbia ila mjini sawa, ni mzunguko wa maji, rejeta imeziba au wota pampu. Maji yanapungua kila siku na huoni tone chini, harufu ya kulanti kwenye egzosti na mapovu ndani ya rejeta, hapo jiandae, gasketi ya silinda hedi. Halafu kitu kimoja cha hatari, maji yakiisha yote sensa inabaki kwenye hewa na inaweza isisome moto, taa nyekundu haiwaki na injini inaungua, kwa hiyo kwenye gari isiyo na mshale hita ikianza kutoa baridi ghafla wakati umeiweka moto, simama.

Taa ya betri

Hii ndiyo imelisha wauza alteneta wengi, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Taa inasema chaji haifiki, basi. Na kinachokatisha chaji ni vitu vingi, mkanda umelegea au umekatika, alteneta, fyuzi kubwa, tamino zimeota unga mweupe, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) mbovu.

Ukiwa barabarani fungua boneti uangalie mkanda kwanza. Kwenye gari nyingi mkanda ule ule unazungusha wota pampu, ukikatika taa ya betri inatangulia na joto linafuata nyuma, hapo hakuna kutembea. Mkanda ukiwa mzima unaweza kusogea kidogo kwa umeme uliobaki kwenye betri, zima AC, redio, kila kitu, na usizime injini maana huenda isiwake tena.

Mwaka jana alinijia mama mmoja, shikamoo marahaba, akaniambia mwanangu hii alteneta ni ya tatu na taa iko pale pale. Ya kwanza ilitolewa na fundi wa jirani, ya pili ya mtumba ikatolewa na fundi mwingine, ya tatu mpya ya dukani. Nikachukua mita, injini inawaka, nikaweka kwenye tamino za betri, volti 12.2. Gari inayochaji inatakiwa ikupe kama 13.5 mpaka 14.5 hapo. Mtu angeishia hapo angesema alteneta ya nne. Nikashusha waya mwekundu wa mita mpaka nyuma ya alteneta kwenye ile bolti kubwa, 15.1. Sasa si umeme upo? Unatoka huku mwingi tena imejikaza kweli kweli, kule haufiki. Katikati yao kuna nini, kuna waya mmoja mnene na boksi la fyuzi juu ya betri. Kufungua boksi, bolti inayoshika waya kwenye fyuzi kubwa imelegea, plastiki pembeni imeyeyuka imekuwa ya kahawia. Tukapiga msasa, tukabadili ile fyuzi, nikakaza kwa spana namba 10, mita ikasoma 14.1 na taa ikazima. Mama hakucheka wala hakufurahi, alikaa tu kwenye kiti anapiga hesabu za alteneta tatu.

Kwa hiyo kabla mtu hajafungua alteneta yako mwambie apime sehemu mbili, kwenye betri na nyuma ya alteneta. Zikiwa zote chini ya 13 hapo sawa, kaangalie mkanda, kaboni na regureta. Na alteneta nyingi zinakufa kaboni tu, zinabadilishwa kaboni, huhitaji nzima.

Breki na ABS

Taa nyekundu ya breki, duara lenye alama ya mshangao, usicheke ila angalia hendibreki kwanza, hata mimi imeshanitokea. Imeshushwa yote na taa ipo, fungua boneti angalia kikopo cha fluidi. Ukikata kona inawaka ukinyooka inazima ni fluidi ipo chini kidogo inayumba ndani ya kikopo. Watu wanaongeza wanaondoka. Subiri, fluidi ya breki haiungui kama oili, ikishuka ni mawili, breki pedi zimeisha kwa hiyo pistoni zimetoka nje zaidi na fluidi imezifuata, au inavuja. Chungulia pedi, na chungulia ndani ya tairi za nyuma kama kuna majimaji. Pedali ikiwa laini inazama mpaka chini hapo hakuna mjadala, gari haitembei.

ABS ya njano peke yake breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga ghafla kwenye utelezi tairi zinaweza kujifunga. Zikiwaka mbili pamoja, nyekundu ya breki na ABS, punguza mwendo na nenda gereji moja kwa moja, mgawanyo wa breki za mbele na nyuma nao unaweza kuwa umeondoka. Sababu kubwa ya ABS ni sensa za kwenye tairi, tope, waya umekatika kwenye kona ya shokapu, hasa baada ya kupita maji ya Jangwani kipindi cha masika. Na kama taa imewaka siku ile ile uliyobadilisha beringi ya tairi, rudi kwa aliyekubadilishia, beringi nyingi za sasa zina upande wenye sumaku ambao sensa inausoma, ikipigwa kichwa chini miguu juu gari inatembea vizuri tu ila ABS haioni kitu.

Cheki injini

Haya, yenyewe sasa. Tofautisha imewaka imetulia na inakonyeza. Imetulia na gari inatembea kama kawaida, huna haraka, endesha taratibu ukapime. INAKONYEZA, toa mguu kwenye mafuta. Kukonyeza maana yake injini inamisi vibaya, petroli haiungui ndani ya silinda inakwenda kuungulia kwenye masega ya egzosti (kile kichujio cha moshi), yanapata moto mpaka yanayeyuka, na masega ni ghali kuliko koili zote nne.

Inabidi isomwe kwa mashine, hakuna ujanja hapo, na hivi vidude vya kuchomeka chini ya usukani vinavyoongea na simu kwa bluututhi siku hizi ni bei ya kawaida, nunua chako. Marekani walilazimisha soketi ile ya OBD2 kwa magari kuanzia modeli za 1996, za Japani zilifuata kwa njia zao kwa hiyo za zamani nyingine hazisomeki na kidude cha bei rahisi, hiyo haina maana gari ni mbovu.

Shida inaanza pale mashine inapotoa kodi (namba ya hitilafu) halafu kodi inageuzwa kuwa orodha ya manunuzi. P0304 inasema silinda ya 4 inamisi. Haijasema koili. Fanya hivi, injini imezimwa, chomoa koili ya 4 ubadilishane na ya 2, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302 basi ugonjwa umehama na koili, nunua koili moja. Ikibaki P0304 hamisha plagi nayo hivyo hivyo. Ikigoma kuhama ndio unafikiria nozeli, soketi ya koili yenyewe, na mwisho kabisa kompresheni ya silinda. Kazi ya nusu saa na spana moja, na nimeona watu wameuziwa koili nne na kontroboksi juu.

P0171 ni hewa nyingi mafuta machache, watu wanakimbilia oksijeni sensa kwa kuwa ndiyo iliyoripoti, sasa aliyekuja kukwambia kuna moto unamfunga yeye? Kaangalie hosi za hewa zilizopasuka baada ya eafloo (sensa inayopima hewa inayoingia), eafloo yenyewe chafu (inasafishwa kwa spreyi yake, usiiguse kwa kidole), pampu ya mafuta imechoka. Gari ikianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza, kumbuka ulijaza sheli gani, nimeshachota kwenye tenki petroli ikakaa kwenye chupa na maji yakajitenga chini. P0420 ni masega yamechoka, au mtu alishayatoa akauza na wewe hujui. Ushauri wa kukaza mfuniko wa tenki mnaousoma ni wa magari ya soko la Marekani yanayopima mvuke wa petroli unaovuja, hizi zetu nyingi kutoka Japani hazina habari na mfuniko.

Na kufuta kodi si kutengeneza, kama ambavyo kuzima redio hakubadilishi habari. Fundi akifuta bila kukwambia alibadilisha nini, piga picha kodi kabla hajafuta, itakusaidia ikirudi.

Zote zimewaka kwa pamoja

Dashibodi imekuwa kama ukumbi wa harusi, ABS, usukani wa umeme, cheki injini, eabegi. Vitu vinne haviharibiki kwa dakika moja. Betri, ethi, tamino, anza huko, umeme ukishuka kila kontroboksi inalalamika kivyake. Nimemaliza kesi nyingi za namna hii kwa kukaza ethi ya kwenye bodi.

Vidogo vidogo

Eabegi imewaka na honi nayo imegoma siku hiyo hiyo, ni ule utepe wa kuzunguka ndani ya usukani. Imewaka baada ya kuosha gari au kusogeza viti, ni soketi za njano chini ya kiti. Usichokonoe nyaya za njano kwa mita, toa tamino ya betri usubiri dakika kadhaa kwanza. Na eabegi ya Takata mbovu haiwashi taa yoyote, ile ya kemikali iliyoharibiwa na joto na unyevu, na sisi wa pwani ndio joto na unyevu wenyewe, kwa hiyo chukua namba ya chesesi ukaangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari yako.

O/D OFF (gia ya juu ya safari imezimwa) imetulia ni kidole chako au cha mtoto kimebonyeza kitufe kwenye gia, bonyeza tena, gari itaacha kula mafuta. Kwenye Toyota nyingi za otomatiki ikikonyeza yenyewe ndiyo gia boksi inaita.

Dizeli ina alama ya springi ya njano, subiri izime ndio uwashe. Alama ya filta yenye maji fungua koki chini ya filta umwage mpaka itoke dizeli tupu.

Ya mwisho ni T-BELT kwenye Toyota za dizeli, Prado na Hilux za zamani. Hii haina sensa yoyote, ni hesabu ya kilomita tu, kwenye nyingi inawaka kila 100,000 kukukumbusha kubadili taimingi belti, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Sasa gari ambayo mita imerudishwa nyuma hesabu hiyo ni ya uongo. Ukikuta mita inasoma 78,000 na usukani umelika mpaka unang'aa, pedali ya breki imebaki bapa haina mistari, funga belti mpya wiki hiyo hiyo na uandike kilomita kwa maka peni kwenye kava lake.